Mlango Chini ya Choo

"Mama, sogea huko, vumbi litakukaba," mkwe wake alisema bila kugeuka, na nyundo ikashuka tena juu ya tindo.

Mama hakusogea. Alisimama mlangoni mwa choo na ndoo tupu mkononi, akisikiliza. Pembeni, karibu na ukuta, nyundo ilitoa sauti kavu, ya saruji iliyolala juu ya udongo. Katikati, pale mwanamume yule alipopiga magoti, ililia kama debe.

Na yeye alijua kwa nini.

Zamani hapa palikuwa na choo cha shimo. Marehemu mumewe, siku alipoamua kwamba na yeye atakaa chooni kama mkurugenzi, alichimba shimo jingine uani na kupeleka bomba huko. Hili la zamani alipaswa kulifukia. Lakini wageni walikuwa njiani na mgongo ulimuuma, basi akang'oa mlango wa stoo, akaulaza juu ya mdomo wa shimo, akamwaga zege jembamba na kufunga sinki la choo juu yake. "Mbao ngumu hiyo," alijitapa. "Itatuzika sote."

Yeye ilishamzika. Tangu mvua zilizopita, sinki lilikuwa likiyumba. Mama akikaa, alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili na kumaliza mbio mbio, jasho likimtoka. Angemwambiaje mkwe? Mtu ambaye mbele yake hata kukohoa alikohoa kwa adabu, ndiye amsimulie anavyokaa chooni? Alimwambia bintiye tu, "Kinavuja. Mwambie huyo mumeo fundi aniletee kingine." Fundi akaja asubuhi na sinki jipya, ambalo bado lilikuwa kwenye boksi lake ukumbini.

"Baba," mama aliita. "Hebu toka kwanza unywe chai."

"Boliti moja tu, mama. Imekula kutu, halafu mbishi kama binti yako." Akacheka, akapiga.

Ufa mwembamba ulitoka chini ya goti lake ukakimbilia ukutani. Yeye hakuuona. Mama aliuona.

Kisha maneno yakamtoka yote kwa mpigo. "Baba, hapo chini kuna shimo! Mlango umeoza! Mimi mwenyewe nikikaa nashika dirisha, niliona haya kukwambia. Toka, baba, toka!"

Nyundo ilibaki hewani. Fundi akaiweka chini taratibu, kama anayeweka yai.

"Lina urefu gani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Futi ishirini. Usisimame! Lala. Lala kifudifudi."

Akalala, kidevu kwenye maji machafu, akaanza kujivuta kuelekea miguu ya mama mkwe wake. Sakafu ikaguna. Mama akatupa ndoo, naye akalala chini ukumbini, akamshika vifundo vya mikono.

"Usiniangalie mimi. Vuta mguu. Vuta!"

Sinki la zamani likainama polepole, kama mzee anayesinzia, kisha likaondoka na sakafu yote ya katikati. Kiuno cha fundi kikafuata. Mama alisikia mabega yake mwenyewe yakilia. Akaegemeza miguu kwenye boksi, akavuta huku akimtukana marehemu mumewe kwa matusi ambayo hakuwahi kuyatamka mbele ya mtu. Muda ulipita ndipo kishindo kilipotoka chini. Kirefu, kizito. Goti moja la fundi likapata ukingo. Halafu la pili.

Wakakaa wameegemea boksi, fundi suruali imechanika, mama kichwa wazi. Hakuna aliyeangalia pembeni kwa heshima ya ukwe. Hewa baridi ilipanda kutoka shimoni ikawapuliza miguu.

"Ungeniambia, mama," fundi alisema.

"Ningekwambia nini?"

 Kule chini kabisa, simu ikaanza kuita. Fundi akapapasa mfuko wa shati, mtupu.

"Ni mke wangu," alisema. "Anataka kujua kama nimemaliza."

Mwanga mdogo wa buluu ulitetemeka kwenye kuta za shimo. Ikaita mpaka ikanyamaza. Mama alijaribu kuachia mkono mwingine wa mkwe wake, vidole vikakataa. 

Simu ikaanza kuita tena.