Aliyekuwa Ndani ya Akagan

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, redio ilipoanza kupiga kinanda chake, Mzee Nezu Kinji alisogeza meza ndogo ukutani, akafungua dirisha na kunyoosha viungo. Alikuwa na miaka themanini. Mazoezi yale aliyaanza shule ya msingi, na sasa mwili uliyafuata wenyewe, kama vile mwenyewe hayupo. Kuzungusha mikono. Kuinama. Kupinda ubavu, kulia, kushoto. Zamani mkewe Fumie aliyafanya nyuma yake, akimcheka kwamba anainama kama mtu aliyeangusha sindano. Fumie alikuwa na miaka saba kaburini. Ilibaki sauti ya mtu wa redio ikihesabu moja mpaka nane, na hiyo ndiyo iliyokuwa sauti ya kwanza kumsemesha kila siku, na siku nyingine ya mwisho.

Alikuwa katikati ya kurukaruka simu ilipolia.

Simu ya saa ile huwa ni msiba au tapeli. Aliitazama ikilia mara nne ndipo akaipokea.

"Samahani sana kwa kukusumbua asubuhi hivi," ilisema sauti ya msichana. "Wewe ndiye Mzee Nezu? Nezu Kinji, wa studio, miaka ile ya Akagan?"

"Sinunui kitu."

"Na mimi siuzi kitu, mzee! Naitwa Ubukata, msaidizi wa mwongozaji. Tunaifufua Akagan, filamu nzima ya sinema. Miezi minane tunakutafuta wewe. Tafadhali usikate."

Hakukata. Alisimama na soksi zake juu ya mkeka, redio nyuma yake ikimhesabia pumzi za mwisho za zoezi, naye hakuvuta hata moja.

Hakukuwa na mtoto wa miaka ile ambaye hakumjua Akagan. Kila Jumapili saa moja jioni jitu la rangi ya shaba, refu kama jengo la ghorofa kumi na tano, lilishuka kutoka mawinguni na kupigana na madude yaliyotaka kuubomoa mji. Mji wenyewe ulikuwa wa mbao na karatasi, ukimfika Nezu kiunoni. Jitu lilikuwa gamba la mpira lililofungwa kwa zipu mgongoni, na ndani ya gamba, akitokwa na jasho mpaka viatu vikajaa, alikuwa yeye.

Wiki iliyofuata alikwenda studio. Vijana walimpokea kwa kuinama mpaka akaona haya, kisha wakamwonyesha jitu walilolitengeneza kwa kompyuta. Lilikuwa zuri, linang'aa. Lakini kuna kitu hakikuwamo.

"Linasimama kama friji," alisema Doi, kijana wa sarakasi na mapigano. "Tumejaribu kila njia, mzee. Friji tupu."

Wakampa nguo nyeusi ya kubana iliyobandikwa vidude vyeupe kila kiungo, ili mashine isome mwendo wake.

"Ukivaa hiyo utakuwa biringanya kamili," Doi akamtania.

"Biringanya lililokaushwa," alijibu Mzee Nezu, na wote wakacheka, naye akashangaa kusikia kicheko chake mwenyewe kikiwa kati ya vicheko vya wengine.

Kisha akasimama katikati ya sakafu. Akainamisha kiwiliwili kidogo, akatanguliza shingo, akaiweka mikono mbele. Kwenye skrini jitu la shaba likainama, likatanguliza shingo. Ubukata alijifunika mdomo kwa karatasi alizoshika.

"Ndiye," alisema. "Ndiye kabisa. Mzee, hivi ulibuni vipi? Vitabuni wanasema uliiga chui."

"Chui wapi! Matundu ya kuonea yalitobolewa chini ya macho ya kinyago. Nikisimama wima nilikuwa naona pua yangu tu. Nilikuwa natafuta pa kukanyaga."

"Mungu wangu!" Doi alijipiga paji la uso. "Mimi nimelifanyia mazoezi pozi hilo miaka mitatu, kumbe mzee alikuwa anaogopa kujikwaa!"

Wakati wa mapumziko Ubukata alimletea tonge la wali lililofungwa kwa mwani na kuketi kando yake. Alisema jina la mzee litatokea mwisho wa filamu, peke yake, kwa sekunde tatu nzima. Zamani halikutokea hata mara moja.

Mzee Nezu akaliweka tonge chini. "Msiliandike."

"Kwa nini, mzee?"

"Ndani hamna mtu."

Ubukata hakuelewa, ikabidi amweleze. Bwana Oba, mkuu wao, aliwakusanya wavaaji wote siku ya kwanza akawaapisha: ndani hamna mtu. Jirani asijue, mtoto wa jirani asijue, na mtoto wako mwenyewe ndiye kabisa asijue, kwa sababu ndoto ya mtoto mmoja ikivunjika darasa zima litavunjikiwa. Wenzake walikula kiapo kile mdomoni tu, wakaenda kuwanong'oneza watoto wao kabla ya kulala. Nezu alikimeza. Binti yake, Sanae, aliambiwa kwamba baba hubeba masanduku katika bohari ya studio. Ndiyo maana hayupo asubuhi, hayupo jioni, hayupo Jumapili.

"Lakini mzee, Bwana Oba amefariki zamani," Ubukata alisema taratibu. "Na wale watoto wana wajukuu sasa."

"Ninaye mmoja ambaye hajaambiwa."

Kisha akasema waliandike, ila wampe tiketi mbili. Mtoto wake hangelikuta jambo lile kwenye skrini, kati ya watu wasiomjua. Angelisikia kwa baba yake kwanza.

Kuna jambo ambalo hakumsimulia hata Fumie. Enzi zile studio ilikuwa ikimpeleka Akagan kwenye mapaa ya maduka makubwa, watoto wakipanga foleni kumshika mkono. Amri ilikuwa moja: Akagan hasemi. Mtoto akisema lolote, mwitikie kwa kichwa, mshike mkono, anayefuata. Jumamosi moja ya Oktoba, huko Kawasaki, kwenye matundu chini ya macho aliona viatu vyekundu ambavyo yeye mwenyewe alivifunga kamba asubuhi ile. Fumie hakumwambia kwamba atamleta. Sanae, mwenye miaka sita, alikishika kidole chake cha mpira kwa mikono miwili.

"Akagan," alisema, "mwambie baba aje kwenye michezo ya shule kesho. Yeye haji popote. Utamwambia?"

Nezu aliitikia kwa kichwa. Anayefuata.

Kesho yake alikuwa kazini toka alfajiri, akichomwa na baruti mbele ya kamera.

Jioni aliyorudi kutoka studio alimpigia Sanae, ambaye alikuwa muuguzi katika mji wa Niigata. Walizoea kupigiana mwaka mpya tu.

"Baba? Kuna nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka."

"Gesi umezima?"

"Nimezima. Sanae, kuna filamu. Wamemfufua Akagan. Nimepata tiketi mbili."

"Nani kakupa?"

"Watu wa studio. Wamewakumbuka... watu wa bohari." Uongo ulimtoka wenyewe, kama mikono yake ilivyojizungusha redio ikilia.

"Mimi silipendi lile jitu, baba."

"Najua."

"Unajuaje? Sijawahi kukwambia."

Pale palikuwa mahali pa kusema. Alisikia pumzi yake mwenyewe kwenye simu, ya moto, karibu na uso, kama ndani ya kinyago.

"Basi mama ndiye alikwambia," Sanae alimalizia mwenyewe. "Ngoja niangalie zamu zangu."

Alikuja Jumamosi ya mvua, na paketi ya biskuti za mchele na nywele zilizoingia mvi tangu baba yake alipomwona mara ya mwisho. Walikula tambi karibu na stesheni. Mzee Nezu alifungua mdomo mara tatu, na mara tatu akautia tambi. Njiani Sanae alipunguza mwendo ili amsubiri, bila kuonyesha kwamba anamsubiri, na hilo lilimuuma zaidi kuliko kama angemwacha nyuma.

Ukumbi ulikuwa umejaa wanaume wa rika la Sanae, visanamu vya Akagan vikiwaning'inia mikobani. Wawili wakajikunyata kwenye viti vyao. Dakika kumi kabla ya kuanza. Dakika nane.

"Nikwambie kituko?" Sanae alisema ghafla, akitazama pazia. "Nilipokuwa na miaka sita nililiomba lile jitu likuambie uje kwenye michezo ya shule. Likakubali, kwa kichwa hivi. Basi kesho yake mwalimu alitaka kunipanga na mama kwenye mbio za mzazi na mtoto, nikamkatalia. Nikamwambia anakuja baba, Akagan kasema." Alicheka kidogo. "Nimesimama kwenye mstari peke yangu, filimbi imepulizwa, watu wanakimbia, mimi natazama getini. Mama akatoka mbio kwenye mkeka wa watazamaji, na malapa miguuni. Tukawa wa mwisho kabisa."

Alitoa leso, akafuta kiganja ambacho hakikuwa na kitu.

"Utoto huo. Sikukukasirikia wewe, wewe hukujua. Nililikasirikia jitu."

Mzee Nezu alihisi jasho likimshuka mgongoni, pale ilipokuwa zipu. Miaka yote ile alidhani anamlindia mtoto ndoto yake. Na mtoto, kwa wema wake, alikuwa amemwondolea yeye kosa na kulitwika gamba la mpira.

Taa zikafifia. Kwenye skrini likatokea tangazo la kuwaomba watazamaji wasizungumze. Watu mia tatu wakatulia hata mvua ikasikika juu ya paa. Baruti za studio zilikuwa zimemwachia Mzee Nezu masikio mazito, na siku nyingi hakujua tena kunong'ona. Akamgeukia binti yake.

"Nilijua," alisema.

Vichwa viwili vikageuka mstari wa mbele.

"Baba, shh. Inaanza."

"Ndani ya lile jitu nilikuwa mimi. Sikuwahi kubeba sanduku hata moja. Kidole ulichokishika kilikuwa changu, na nilikusikia, kila neno. Tuliamriwa kumwitikia kila mtoto. Lakini wewe sikukuitikia kwa amri, Sanae. Nilitaka kuja. Nilitaka kukimbia na wewe."