Bibi Harusi Upande wa Ndani wa Dohani

Asubuhi ya harusi yake, Verity Ackroyd alikuwa amepiga magoti juu ya kaunta ya jikoni, kichwani vibiringisho vya nywele, mwilini ovaroli, mkononi drili nene kama paja la kondoo. Mama yake, Marjorie, alikuwa amemshika kiuno asianguke, huku akimsema bila kupumzika.

“Wenzako siku kama hii wanapakwa rangi ya kucha.”

“Nitapakwa nikimaliza, mama.”

“Kucha zipi? Hizo za mchoma mkaa?”

Verity akacheka hadi drili ikatetemeka. Tangu aamke alikuwa anacheka ovyo, kama mtu aliyetekenywa.

Boila ya zamani, mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, ilikata roho katikati ya wiki. Mpya ilikuwa imeshatundikwa ukutani, gesi imefika, maji yamefika. Kilichobaki ni dohani yake, kwa sababu duka lilileta fupi, na ndefu imefika asubuhi hiyohiyo. Boila bila dohani ni kabati tu. Na mjini Keighley, Uingereza, mwezi wa Januari, nyumba ya mawe isiyo na moto, hata siagi inakataa kupakika.

Wageni walikuwa warudi hapo kula baada ya ndoa, lakini wageni wana makoti yao. Taabu ilikuwa Bibi Edna, aliyemlea bwana harusi baada ya mama yake kufariki. Kifua chake kibovu, daktari kamkataza kukaa kwenye baridi, naye alishatamka kwenye simu: nyumba ikiwa baridi, anageuza na basi linalofuata kurudi kwao Hull, harusi watamsimulia. Bibi Edna hakuwa mtu wa kutishia bure. Na Leighton, bwana harusi, alishasema kwamba kuoa bila bibi yake kuwepo ni kama kuoa kwa simu.

Leighton, kama Verity, alikuwa fundi wa gesi. Kazi ya dohani inataka mtu ndani na mtu nje, kwa hiyo wangeimaliza haraka, isipokuwa mila inamkataza bwana harusi kumwona bibi harusi siku hiyo mpaka wakutane mbele ya msajili wa ndoa. Marjorie haendi kanisani wala haogopi paka weusi, ila mila hii aliing'ang'ania kwa meno. Alibandika magazeti dirisha zima la jikoni, kisha akamwamuru mkwewe apitie uchochoro wa nyuma na abaki upande wake wa ukuta.

Drili ikanguruma, vumbi la mawe likajaa, na kipande cha ukuta, duara kama keki, kikatumbukia uani.

“Kimetoka!” Leighton alipiga kelele kutoka nje. “Kimeniangukia kiatuni!”

“Kiatu cha harusi?” Verity aliuliza.

“Nitapaka dawa ya viatu.”

“Mama mkwe wako amesikia,” Marjorie akasema mdomo ukiwa tunduni.

Verity akaingiza bomba. Dohani hizi ni bomba ndani ya bomba: la katikati latoa moshi, la nje laleta hewa safi.

“Ilaze kuelekea ndani, mpenzi,” Leighton akaita.

“Unanifundisha?”

“Nakukumbusha.”

Alijua. Boila ya namna hii hukamua moshi wake mpaka ubaki mvuke uliolowa, na maji ya mvuke huo sharti yachuruzike kurudi ndani ya boila. Ukilaza bomba kuelekea nje, yatadondoka uani na kuganda. Akaweka pima maji, kiputo chake kikasogea panapotakiwa. Kiwiko, kipande cha bomba kilichopinda, kikaingia juu ya boila, skrubu zikakaza. Verity akaruka chini kutoka kauntani, akamzungusha mama yake jikoni kama wamesikia muziki.

“Niachie, kichaa wewe! Na hii donati ni ya nini?”

Marjorie alikuwa ameshika kola nyeusi ya mpira. Verity akaacha kucheza. Hakuna fundi wa boila duniani ambaye hajawahi kuiona kola hiyo mezani wakati bomba limeshafungwa. Huvishwa kwanza, kabla bomba halijapita ukutani, izibe tundu kwa ndani. Baadaye haivishiki.

“Vee,” sauti ya nje ikasema polepole. “Usiniambie.”

“Sikwambii.”

Wakasikia Leighton akicheka hadi ngazi yake ikagonga ukuta.

Hapo hapo mlango wa mbele ukagongwa. Bibi Edna aliingia na makoti mawili na kofia ya sufu, akapuliza pumzi, akaitazama ikifanya wingu mbele ya pua yake.

“Hivi ndivyo mnavyokaribisha watu?”

“Bibi, kunywa chai kwanza,” Marjorie akasema.

“Nitakunywa, maana umeshamimina. Ikiisha naondoka.”

Marjorie akaketi karibu naye na birika. Kila bibi alipogeuza macho, kikombe kilijaa tena.

Verity alirudi juu ya kaunta, akachukua kisu. “Nikiipasua kola upande mmoja na kuigundisha, nani atajua?” alinong'ona tunduni.

“Mimi,” Leighton akajibu. Alikuwa ameacha kucheka. “Na moshi utajua. Atakayelala chumba cha juu yake ni bibi yangu.”

Akakiweka kisu chini. Skrubu zote zikatoka, kiwiko kikatoka, bomba likatoka, na likaburuta kola nyingine, aliyoivisha Leighton nje, mpaka katikati ya ukuta. Leighton akaingiza mkono kuitafuta. Vidole vikatokeza jikoni, vyekundu kwa baridi, vikipapasa hewa. Verity akavibusu.

“Nimeona!” Marjorie akaruka.

“Mila imekataza kuonana, mama. Busu haikutajwa.”

“Mwache,” Bibi Edna akasema. “Mkono si mume. Marjorie, chai hii ina kisima?”

Safari hii kola ilitangulia. Bomba likafuata, kiputo kikatulia, kiwiko, skrubu, mpira ukabanwa ukutani ndani, na wa nje ukabanwa na Leighton. Verity akawasha. Boila ikakohoa, ikashika moto, ikaanza kuvuma. Akachomeka kipima moshi, akasoma tarakimu, akasoma tena; zilikuwa safi.

“Inapumua!” Leighton alikuwa akiimba uani. “Nimo ndani ya wingu, jamani, sijioni miguu!”

Wote jikoni walikuwa wakimtazama Bibi Edna, aliyesimama na kikombe chake kandokando ya rejeta ya ukutani, chuma kinachopashwa na maji ya boila. Akaweka kiganja. Chuma kikatoa mlio mdogo.

“Vuguvugu,” akasema.

Akasubiri. Verity alijiuma mdomo. Bibi Edna akageuza kiganja, akaweka mgongo wa mkono, kisha akaegemeza nyonga nzima.

“Vee!” Leighton akaita. Sauti yake haikuwa tena ya kuimba. “Bibi anasemaje?”

Bibi Edna akafungua kifungo cha kwanza. Cha pili. Koti la juu likaanguka kitini, na la pili likalifuata.

“Amevua!” Verity alipiga kelele. “Leighton, amevua makoti yote!”

Nje kukatoka yowe la furaha lililofanya madirisha ya uchochoro mzima yafunguke, na jirani mmoja akauliza nani amejifungua.