Samli ya Mgongoni

Tangu mkewe afariki, ngozi ya Nshimiyimana ilikauka, na mgongo ulimwasha kupita kiasi. Losheni aliyoinunua mnadani ilimchubua mabega. Akaenda dukani kwa Kokwijuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nipe mafuta yasiyochubua."

"Chukua haya, yanang'arisha. Mwezi mmoja tu, wachumba watapanga foleni!"

"Kung'aa kwa nini, mimi bati? Yametengenezwa kutokana na nini?"

Kokwijuka aligeuza kopo, akakodolea macho maandishi, akacheka. "Hata mimi sijui, baba."

Nshimiyimana akaliacha palepale. Kwa jirani mwenye ng'ombe akaomba maziwa ya mgando, akayatikisa kibuyuni hadi siagi ikajitenga, akaichemsha ikawa samli, kama mkewe alivyozoea kufanya. Akajipaka mikono, miguu na kifua. Ngozi ikatulia.

Ilipofika zamu ya mgongo, mkono uliishia begani. Miaka thelathini alikuwa akipakwa na mkewe, hakuwahi kujua kwamba mkono wake haufiki. Alikaa kitandani hadi samli ikaanza kumgandia kiganjani.

Mwishowe akaipaka kwenye mwimo wa mlango, akajisugua hapo kama ng'ombe. Hakukuwa na mtu wa kumcheka.