Mawe Kooni mwa Lavender

Jumanne saa nne asubuhi Anyona alikuwa kwenye duka la kinyozi la Onyiego pale Nyakoe, akichaji betri za kamera, kwa sababu stima ilikuwa imepotea kwake tangu Jumapili. Alikuwa na miaka arobaini na minne. Miaka ishirini alikuwa amefuatilia hip-hop ya Kisii na Nyamira: kwanza kipindi cha redio, kisha ukurasa wake mtandaoni, kisha filamu fupi ambazo watu walitazama kwenye simu. Kutoka Nyakoe hadi Ekerenyo, hakuna kijana aliyeshika maikrofoni ambaye hakuwa amemhoji. Lakini chakula kilitoka matangani. Alhamisi na Ijumaa alirekodi mazishi. Jumamosi alipumzika, maana wateja wake wengi walikuwa Waadventista, na hao hawaziki siku ya Sabato.

Lavender alifika kwa boda boda kutoka Ekerenyo. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaomba maji, akaanza kurap kwa Ekegusii, lugha ya kwao. Mstari wa tatu ulipoisha alinyamaza, akakohoa, akatoa mdomoni jiwe la rangi ya waridi, dogo kama punje ya mahindi. Aliliweka kwenye goti, akaendelea.

"Hilo ni la Tabaka," Onyiego alisema bila kuzima mashine ya kunyolea. "Yale mawe laini ya kuchonga."

"Linauma?" Anyona aliuliza.

"La kwanza ndilo huuma. Buda, umewasha kamera ama tunapiga stori?"

Akirap juu ya mvua au viatu vyake, hakuna kilichotoka. Jiwe lilitoka aliposema jambo lililotokea kweli na ambalo watu walikuwa wameambiwa wasiliseme.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Katika shule moja upande wa Ekerenyo kulikuwa na mwalimu wa Hisabati aliyeitwa Jasper. Kila mwaka alichagua msichana mmoja wa kidato cha tatu wa kumpelekea madaftari nyumbani kwake, nyuma ya shule. Kwamboka, rafiki ya Lavender, aliyabeba muhula mmoja, kisha akaacha shule akiwa na mimba. Watu wa Jasper walileta mtamba wa ng'ombe kama fidia. Babake Kwamboka alimpokea, na barua ikaandikwa kwamba hakuna malalamiko. Jasper akabaki. Sasa Cynthia, mdogo wake Lavender, alikuwa kidato cha pili shuleni humo, na Januari angeingia kidato cha tatu, darasa la Jasper.

"Nataka huyo mwalimu atoke hapo kabla ya Januari," Lavender alisema. "Hiyo tu. Umaarufu peleka kwenu."

"Filamu ikitoka watasikia," Anyona alisema. Aliamini hivyo.

Walirekodi siku nne nyumbani kwao, kati ya migomba na majani chai. Siku ya pili mchongaji mmoja wa Tabaka, Onchiri, alikuja na kikapu akaketi langoni.

"Mama, ya leo ni laini sana," alimwambia Persis, mamake Lavender. "Nikichonga kiboko hayahitaji msasa."

"Beba," Persis alisema. "Hapa yanaziba mfereji."

Siku ya nne Lavender alitaja jina la Jasper. Jiwe lilikuwa la kijivu, kubwa kama yai la kuku, na lilitoka na damu. Alikunywa maziwa. Anyona alikuwa amelinasa kuanzia lilipoonekana kati ya meno mpaka lilipoanguka kwenye majani, na mwanga ulikuwa unatoka upande mzuri. Alijua kwamba hajawahi kupiga picha kama hiyo.

Mwezi wa tisa tamasha moja la filamu la Nairobi lilimwalika. Hakuwa amewahi kualikwa popote. Kisha wakili wa tamasha alimpigia simu: jina la mwalimu liondolewe, la shule pia, na habari ya madaftari, kwa sababu ingewatambulisha. Anyona aliweka mlio wa filimbi juu ya maneno hayo. Wiki iliyofuata watu wa tamasha walimshauri kwamba maandishi ya tafsiri chini ya picha yanaficha mawe. Alitoa tafsiri yote. Alijiambia kwamba wenye masikio watauliza.

Kadi za kamera alikuwa nazo nne tu. Filamu ilipokamilika alifanya alichofanya siku zote: alizifuta, na Alhamisi akarekodi juu yake mazishi ya mzee mmoja wa Sironga.

Filamu ilipata zawadi ya kwanza. Lavender aliitwa jukwaani, na watu wakauliza maswali. Mmoja alitaka kujua kama mawe hutoka yakiwa na joto. Mwanamke mmoja aliuliza kama ameshafikiria kutengeneza hereni.

"Niulizeni nilisema nini," Lavender alisema.

Mwenye kuongoza kipindi alitazama saa, akashukuru wote.

Kwenye basi la kurudi Kisii, Lavender alikaa kiti cha nyuma ya Anyona. Walipopita Narok alimgusa bega.

"Ulipiga filimbi juu ya Kwamboka."

"Wakili alisema..."

"Nimekuuliza wakili?"

Baada ya hapo Anyona alipata kazi nyingi za filamu, na akaacha mazishi.

Januari ilifika, Cynthia akaingia kidato cha tatu. Wiki ya pili, baada ya somo, Mwalimu Jasper alimwonyesha rundo la madaftari juu ya meza na kumwambia ayapeleke nyumbani kwake jioni. Cynthia alitoka darasani, akapita langoni, akatembea mpaka kwao akiwa na sare. Lavender alimpigia Anyona simu, na kesho yake asubuhi yeye, Cynthia na Anyona walikuwa katika afisi ya elimu mjini, mbele ya afisa mwenye shati jeupe. Anyona aliweka filamu kwenye meza ya afisa. Afisa aliitazama yote, akaisifu.

"Lakini ndugu yangu, mimi nasikia filimbi."

"Hapo ndipo jina lilipo."

"Sasa niandike nini? Filimbi?"

"Rekodi ya kwanza iko wapi?" Lavender alimwuliza Anyona.

"Nilifuta."

"Ukaweka nini?"

"Matanga."

Lavender alimgeukia afisa, akasema jina la Jasper na la shule, na habari ya madaftari, na ya mtamba. Mawe manne yalianguka juu ya meza. Afisa aliyafuta kwa kitambaa.

"Dada, nakuelewa. Lakini mwenye malalamiko ni Kwamboka, na babake aliandika kwamba hana. Na huyu mdogo, je, amefanywa kitu?"

"Nilikataa kupeleka," Cynthia alisema.

"Umefanya vizuri sana. Basi hakuna kilichotendeka. Rudi shule, mtoto, usikose masomo."

Cynthia alishika koo. Alikohoa mara mbili, kwa shida, kama mtu anayejifunza kazi, na jiwe jeupe lisilozidi punje ya mchele likamwangukia kiganjani. Dadake alimpa maji. Afisa alinyoosha mkono, akalipokea kwa upole, akatafuta pa kuliweka.

Hapo ndipo Anyona alipoitazama meza vizuri. Ilikuwa meza ndefu, imekaa chini ya dirisha, na barua za malalamiko zilikuwa zimepangwa juu yake mafungu mafungu hadi ukutani. Juu ya kila fungu kulikuwa na jiwe. Mengine yalikuwa ya waridi, mengine ya kijivu, mengine yalikuwa yameanza kuwa meusi kwa kukaa. Afisa alipata fungu moja jipya lisilo na jiwe, akaliweka hapo jiwe la Cynthia, na kwa kuwa lilikuwa dogo, akaongeza moja la Lavender.

Upepo uliingia dirishani. Hakuna karatasi iliyosogea.