Deki ya Midomo Miwili

Nina mgeni ndani, ana midomo miwili: mmoja unameza kitu chenye utumbo mrefu, mwingine unatoa ulimi na kuurudisha. Nilipomtegea mume wangu Privatus kitendawili hicho, aliniuliza kama nimenunua mbuzi mgonjwa.

Ilikuwa deki. Mwaka 2007 mashirika yaliyokuwa yakihudumia wakimbizi yalianza kufunga mizigo, maana Warundi wa kambi ya Lukole walikuwa wanarudi kwao, na mjini Ngara hakukukosekana mnada wa vitu vya ofisi. Watu waligombania magodoro na viti vya plastiki. Mimi nilikwenda kutafuta sufuria kubwa. Dalali akainua kitu cheusi, kipana, akasema ni deki ya kanda na ya sidii kwa pamoja, tena inatoa kwenye kanda na kuweka kwenye sidii. Hakuna aliyetaja bei. Kanda zilikuwa zimeshapitwa, kila mtu alitaka deki ya sidii peke yake.

Nikauliza inatoaje. Yaani vilivyomo kwenye kanda vinahamia kwenye sidii, kanda inabaki kama gunia lililokung'utwa? Watu wakacheka. Dalali hakucheka. Akasema, "Mama, ni kama mtoto anavyochukua sura ya mama yake. Mama hapungukiwi kitu." Jibu lile lilinishika. Nikarudi Murukulazo bila sufuria.

Privatus hakunigombeza sana, maana yeye ndiye aliyeleta televisheni kwa ajili ya mpira, na alikuwa na jenereta ya kuchajia simu za kijiji kizima. Alichosema ni kwamba mwanamke aliyetumwa sufuria akarudi na deki atapika humo humo.

Habari ikamfikia Nahimana. Huyu alikuwa mkimbizi wa Lukole, mjane, na kwa miaka mingi alikuja kunisaidia kuvuna maharage, naye akiondoka na ndizi na mihogo. Kihangaza changu na Kirundi chake vinakaribiana, kwa hiyo kila mmoja aliongea chake na tukaelewana vizuri. Alikuja na kikapu chake cha mfuniko, akakaa, akakifunua. Ndani mlikuwa na kanda ya video iliyoviringishwa kwenye kipande cha kitenge.

Ilikuwa kanda ya harusi ya binti yake, Niyonkuru, aliyeolewa pale kambini. Niyonkuru alifariki alipojifungua Ishimwe, na baba wa mtoto aliondoka kambini asirudi. Picha ya karatasi ilikuwapo moja tu, ikaliwa na mchwa. Sasa Ishimwe alikuwa amefika umri wa kuuliza.

"Ananiuliza mama yake alikuwaje," Nahimana alisema. "Namwambia alikuwa mzuri. Ananijibu hata kuku ni mzuri."

Nikamwambia basi dawa ameishika mkononi, mtoto atamwona mama yake kwenye kanda. Akatikisa kichwa. Na mimi nikakumbuka mila. Kwetu na kwao bibi harusi anainamisha uso tangu anatoka kwao mpaka wageni wanaondoka. Akiinua macho watu watasema alikuwa na haraka ya kuondoka kwa wazazi wake. Niyonkuru alilelewa vizuri, kwa hiyo aliinama vizuri.

Nahimana alikuwa ameiona kanda ile mara moja tu, zamani, kwenye kibanda cha video cha kambini. Nilimuuliza kama humo ndani uso unaonekana hata kidogo. Akasema hajui. "Siku ile nilitazama nguo, nikatazama wageni gani walikuja. Uso wake nilijua nitauona kesho yake na kesho kutwa."

Baada ya hapo kibanda kilifungwa, na kanda ikaanza kuota ukungu. Kaka yake huko Muyinga, Burundi, walikokuwa wanarudi, alikuwa na deki ya sidii tu. Lori lao lilikuwa liondoke Alhamisi. Aliniomba tumwekee harusi kwenye sidii, na kama kuna mahali popote ambapo uso wa binti yake unaonekana, nimwonyeshe mtoto. Akaniachia kanda pamoja na kikapu, akaenda kufunga vyombo.

Mkwe wangu Deodata, mke wa mwanangu Audax, ndiye aliyekuwa na mkono mwepesi wa kusafisha. Alipangusa kanda kwa pamba kavu, akakifungua kile kifuniko cha mbele na kuizungusha polepole kwa kidole, mpaka ukungu wa juu ukatoka. Privatus akawasha jenereta. Deki ikameza kanda, ikaguna kidogo, na harusi ikaanza.

Nimeona harusi nyingi, lakini ile niliitazama kama mtu anayetafuta pete kwenye mchele. Turubai za bluu, vumbi, kwaya, mzee mmoja anayehutubia bila kumaliza. Na katikati, shela nyeupe na utosi wa Niyonkuru. Anatembea, utosi. Anakaa, utosi. Anapewa soda, mkono unatoka chini ya shela, unaichukua, utosi haukuinuka. Ilinishinda. Nilijilaza sakafuni mbele ya televisheni nikachungulia kwa chini, nikidhani nitauona uso chini ya shela. Privatus akaniuliza kama nimepoteza sindano ikaangukia ndani ya harusi.

Mwisho zikaja zawadi, majembe na masufuria, halafu chenga tupu za televisheni isiyo na picha. Deodata akazima. Nilikaa pale chini nikiwaza maneno ya kumpelekea Nahimana.

Sasa lililofuata halikuwa la ubaya. Huku kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Jirani akikuletea viazi kwenye bakuli, bakuli linarudi na chumvi au hata vitunguu viwili. Kikapu cha Nahimana tulikuwa tumekijaza maharage tayari. Lakini Deodata alifikiri zaidi: kanda nayo ni chombo, na ile sehemu ya chenga mwishoni ni utupu. Kurudisha kanda kwa mtu anayehama nchi, ikiwa na utupu namna ile, aliona ni aibu ya nyumba yetu. Akamwita kaka yake Elick, anayepiga video za harusi mjini Ngara, aje waweke salamu hapo mwishoni kabla hatujanakili. Mimi nilikuwa shambani.

Elick alikuta kijino cha plastiki mgongoni mwa kanda kimevunjwa. Anajua kazi yake, alijua kwamba kikivunjwa kanda haikubali kurekodiwa tena. Akaliziba tundu kwa karatasi ya gundi, akaunganisha kamera yake kwenye deki, akaisogeza kanda mpaka kwenye chenga. Deodata akajifunga kitambaa kipya, akasimama mbele ya migomba.

Niliporudi walinikalisha wanionyeshe. Deodata alitokea kwenye televisheni amenyooka kama askari, akitoa salamu kama zile za redioni: yeye Deodata wa Murukulazo, akiwa na afya njema, anamsalimu mama Nahimana, anamsalimu Ishimwe, anawasalimu ndugu wote wa Muyinga ingawa hawajui majina, wamsamehe. Akaendelea kusalimu mpaka akaishiwa watu. Privatus alisema amebakiza ng'ombe tu. Tulicheka. Kwenye televisheni Deodata akasema ahsanteni, akabaki amesimama hajui aende wapi, picha ikaruka.

Na hapo akatokea Niyonkuru.

Shela ameitupa nyuma ya bega. Ameshika kipande cha ndizi ya kuchoma, anatafuna, mchuzi umemgusa kidevuni. Anatutazama sisi moja kwa moja. Akasema kwa Kirundi, na tulisikia sawasawa, "Niondolee hilo jicho lako hapa, tangu asubuhi sijala." Kisha akacheka kwa mdomo wote, na ndizi imo. Mtu akamwita kutoka nje. Akajaribu kuinamisha uso, ikamshinda, akacheka tena. Chenga.

Elick ndiye aliyetufafanulia. Mpiga picha wa siku ile alikuwa amezima kamera baada ya zawadi, akaja akaiwasha tena baadaye, kule nyuma ambako bibi harusi alikuwa amejificha ale. Zile chenga tulizodhani ni mwisho zilikuwa mlango tu. Na salamu za Deodata zilianzia mlangoni zikaingia mpaka ndani.

Deodata alikuwa ameshika kitambaa chake kwa mikono miwili. Akamuuliza kaka yake kama kilicho chini ya salamu kinaweza kurudi. Elick akasema hakirudi. Akamuuliza kilikuwa kirefu kiasi gani. Elick akasema hilo halijui mtu, labda kidogo, labda karibu salamu nzima. Na salamu, ninyi mmezisikia, hazikuwa fupi.

Akanigeukia mimi. Hakuna aliyejua kwamba Niyonkuru yumo mle, alisema. Tukinakili tukaruka salamu zake, Nahimana atamwona binti yake baada ya chenga, atafurahi, ataondoka na furaha yake. Kwa nini tumpe na jeraha la kupanda nalo lori?

Swali hilo halikuwa la kipumbavu. Lakini nikamwambia Elick anakili yote kama ilivyo, na sidii asiifunge kwanza. Elick alikuwa ametueleza kwamba sidii ikishafungwa ndipo inapokubali kucheza kwenye deki nyingine, lakini huwezi tena kuigusa. Nilitaka mwenye binti ndiye aamue.

Wakaja jioni ya Jumatano, Nahimana na Ishimwe. Mtoto alinisalimu shikamoo huku macho yakiwa kwenye deki, akitaka kujua ule mdomo mwingine unakula nini. Kabla hatujakaa vizuri Deodata akapiga magoti mbele ya Nahimana.

"Mama, nimefuta kitu cha Niyonkuru," alisema. "Nilitaka kanda yako isirudi tupu."

Akaeleza yote, tundu, karatasi ya gundi, salamu. Nahimana alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Nahimana hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alisema, "Niwekeeni."

Tukaweka pale mwishoni. Majembe, masufuria, chenga. Deodata wa televisheni akaanza kusalimu, na Deodata wa nyumbani akaangalia ukutani. Salamu zikaenda, zikaenda. Ishimwe aliposikia jina lake alishtuka akasogea mbele. Ahsanteni. Picha ikaruka.

Mtoto alimtazama mama yake akitafuna. Aliposikia yale maneno ya jicho na njaa, aligeuka kwa bibi yake kuhakikisha ameelewa, akaanza kucheka, na wakati huo Niyonkuru naye alikuwa anacheka. Kisha chenga. Ishimwe akasema, "Kumbe ni mkali." Akataka arudishiwe, tukamrudishia, na tena, mpaka Privatus akaenda kuongeza mafuta kwenye jenereta bila kuombwa.

Nahimana hakuwa ametoa chozi. Alikuwa amekunja uso kama anayehesabu mishono. Mwishowe akaongea, na hakuongea na sisi.

"Ile ndizi nilimpelekea mimi, Ishimwe. Nilimkuta amekaa juu ya dumu nyuma ya turubai, ameshika tumbo. Akaniambia, mama, shingo inauma, nimeona miguu ya watu wote wa Lukole. Akanitajia nani amevaa viatu visivyolingana. Tukacheka mpaka nikamwambia anyamaze, wakwe watasikia. Ndipo yule kijana akaja na kamera yake."

Alinyoosha kidole kwenye televisheni, pale ambapo Deodata alikuwa amesimamishwa, mdomo wazi katikati ya salamu. "Hayo yote yalikuwa hapo, chini yake. Au sehemu yake. Mimi nilikuwepo."

Elick akasema kwa upole kwamba salamu anaweza kuziruka, ni kazi ndogo, sidii bado haijafungwa.

"Ziache," Nahimana alisema. "Huyu akisimama pale ndipo nitakapokuwa namsimulia mtoto. Akisema ahsanteni, nitanyamaza. Atakuwa anajua mama yake anakuja." Kisha akamwangalia Deodata kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Ila ungeongeza salamu kidogo, mwanangu. Habari za viatu ni ndefu."

Deodata alitaka kucheka, akalia, akaenda kuchemsha chai.

Nahimana akauliza ni wapi pa kubonyeza ili sidii ifungwe. Nikampa rimoti, nikamwonyesha. Televisheni ikaandika maneno ya Kiingereza, Elick akatuambia inasema tusubiri. Nje tulimsikia Privatus akimwambia mtu aliyekuja kuchukua simu yake kwamba leo jenereta haizimwi, aende arudi asubuhi.