Vifaranga Waliomkimbilia Paiki

Mchana mmoja wa Oktoba, Signe Haugdahl alikuwa jikoni akimenya viazi. Alipofungua bomba avioshe, maji yalikohoa, kisha akatoka kifaranga wa samaki, mrefu kama kidole, akaangukia kwenye bakuli. Akafuata mwingine. Signe alichukua ndoo, akaiweka chini ya bomba, akaendelea kumenya. Viazi viliiva saa yake ya kawaida.

Aliwajua wale vifaranga. Asubuhi ileile alikuwa amesimama na majirani ufukweni, kila mtu na chupa yake ya kahawa, wakilitazama lori la idara ya samaki likiwamwaga ziwani. Walikuwa wolai, samaki wa rangi ya dhahabu iliyochujuka, ambao macho yao hung'aa gizani kama ya paka. Huku kaskazini mwa Minnesota, mtu akisema "samaki" bila kuongeza neno, amemaanisha wolai.

Kila majani yalipoanza kupukutika, lori lilikuja Ziwa Halvor na vifaranga, na watu wakapiga makofi. Na kila kiangazi watu walitupa ndoano wakavuta paiki wadogo tu, wembamba kama mpini wa nyundo, wenye mdomo wa bata na meno ya mbwa. Walikuwa wamelijaza ziwa. Waliwarudisha majini kwa matusi, kwa sababu paiki wa ukubwa ule ni mifupa mitupu.

Zamani haikuwa hivyo. Signe alikumbuka jioni za Juni, yeye na marehemu mumewe Torvald ndani ya mashua ya mbao, Torvald akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani kwa mwendo wa dansi, wolai wakija kana kwamba wameitwa kwa majina. Waliwakaanga palepale ufukweni kwa siagi na vitunguu. Moshi ulikwenda kwa majirani, na majirani wakaufuata moshi ulikotoka, wamebeba sahani zao wenyewe. Giza lilichelewa sana siku zile.

Simu ililia. Alikuwa Wendell Ostby, jirani wa upande wa misonobari.

"Signe, kwako wameingia?"

"Ndoo imejaa. Kwako?"

"Bafuni. Nilikuwa humo, nimejipaka sabuni mwili mzima. Wamenitazama mpaka nikaona haya."

"Umri huo bado una haya?"

"Zimebaki kidogo," Wendell akasema. "Hawa wanakula nini?"

Juma hilo ilijulikana kwamba hawakuingia kila nyumba. Kwa Mchungaji Nygaard bomba lilitoa maji tu, naye hakuficha kwamba jambo hilo limemuuma. Idara ikamtuma Renae Kowalczyk, mtaalamu wao kijana, apite nyumba kwa nyumba. Kwa Signe alivua viatu mlangoni, akapewa kahawa na kipande cha keki, kisha akapiga magoti sebuleni mbele ya karai la kufulia, ambalo sasa ndilo lililokuwa makazi ya vifaranga.

Wote walikuwa wameelekeza vichwa upande mmoja. Renae aligeuka kuangalia wanachokitazama. Ukutani, juu ya kochi, alikuwa paiki mkubwa aliyekaushwa kuwa pambo, mnene kama paja la mtu mzima, macho ya kioo, mdomo wazi. Torvald alimvua mwaka walipooana. Nusu ya wilaya ilikuja kupiga naye picha.

"Hata kwa Wendell yuko mmoja kama huyu," Renae alisema. "Kila nyumba walimoingia yupo. Wamemkimbilia, Bi Haugdahl."

"Paiki? Si ndiye anayewala?"

"Wanaowamaliza ni paiki wadogo. Mkubwa kama huyu alikuwa anawala wadogo, anawapunguza. Akitolewa yeye, wadogo wanajaa kama magugu, wanagombania chakula, hawakui. Sisi tunaleta wolai, wao wanafungua midomo. Tunawalisha paiki kwa lori."

Signe alijaza tena kikombe cha mgeni, ingawa kilikuwa hakijaisha.

"Torvald hakujua," akasema.

"Hakuna aliyejua, mama."

Majira ya baridi yaliingia, ziwa likaganda. Signe hakuwasha taa tena sebuleni. Jua lilipozama, macho ya vifaranga yaliangaza chumba kizima, mwanga wa manjano kama wa taa ya mafuta, naye akafuma soksi chini ya paiki wa Torvald. Wakati mwingine alipiga mluzi, vibaya, na vifaranga wakasogea karibu na ukingo wa karai. Tangu mazishi hakuwahi kukaa na mtu jioni nzima. Alianza kupika tena vyakula vya watu wawili, akala vyote mwenyewe.

Mwezi wa Desemba ulifanyika mkutano katika ukumbi wa kijiji. Renae alieleza yote tena, kwa picha. Kisha akaomba: paiki wakubwa warudishwe majini, wadogo wapelekwe nyumbani na kuliwa.

"Na mifupa ile nani ataitafuna?" Wendell aliuliza. "Nimebakiwa na meno ya heshima tu."

Watu walicheka. Renae akasema ataonyesha namna ya kuiondoa. Wakasema ni jambo zuri sana, afanye hivyo siku moja. Kisha akauliza ni nani wanaokubali, wanyooshe mikono.

Wendell alimtazama Signe. Watu wengi walimtazama Signe, kwa kuwa paiki wake ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote. Signe alijua kwamba binti yule anasema kweli. Alimwona pia akilini Torvald wa siku ile ya paiki, kijana, amelowa mpaka kiunoni, amemkumbatia samaki, akicheka hadi akashindwa kusema. Mikono ya Signe ilikaa mapajani. Hakuna aliyenyoosha. Keki ikakatwa.

Januari, Mchungaji Nygaard alitoboa barafu mahali pa kina na kukaa hapo kwa subira ya kazi yake. Alivua paiki mkubwa ambaye hakuna aliyejua kwamba bado yumo. Renae alipopigiwa simu alisema huenda ndiye aliyekuwa wa mwisho, kisha akaomba apelekewe vipimo. Fundi wa kukausha samaki alifanya kazi nzuri, na kanisa zima lilikwenda kumpongeza mchungaji. Signe alipeleka biskuti.

Barafu ilipoyeyuka, majirani walibeba ndoo na makarai hadi ufukweni. Vifaranga walikuwa wamenenepa kidogo. Paiki wadogo walishafika, wamejaa kwenye maji ya kina kifupi, pua zote zikiangalia nchi kavu, kama ng'ombe wanaojua saa ya kulishwa. Signe aliingiza mkono ndani ya maji ya karai, akauacha humo mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akainamisha karai.

Maji yalichemka kwa muda, halafu yakatulia. Wendell alivua kofia.

"Walikuwa na adabu," alisema.

Mchungaji Nygaard alimsogelea Signe taratibu, kofia mkononi, uso umejaa matumaini. Alitaka kujua, kwa ajili ya Oktoba, kama vifaranga wanapenda maji ya baridi au ya uvuguvugu.

"Ya baridi," Signe alimjibu. "Na usiwawashie taa."