Tembe za Kunonesha Nilizompa Chepkosgei

Mama yeyote aliye na mtoto anayechomwa miale, asome hii kabla hajaenda soko.

Msichana wangu Chepkosgei alipatikana na kansa nyuma ya pua, uvimbe ukatokea shingoni. Hospitalini Nakuru walisema atachomwa miale siku thelathini na tatu. Kufika siku ya kumi koo lilikuwa kidonda tupu, hata uji haushuki. Alikonda mpaka watu wakaanza kuniangalia mimi.

Hapo ndipo Janefer, tunayeimba naye kwaya, akaniita kwa kibanda chake soko la Litein.

"Mama Chepkosgei, utazika huyu mtoto ukimwangalia? Chukua hizi. Wiki mbili tu, mashavu yatarudi."

Tembe ndogo nyeupe, zimefungwa kwa karatasi, hazina jina. Nikazisaga, nikaweka kwa uji. Sikumwambia mtu, hata yeye mwenyewe.

Na kweli, akala. Uso ukawa mviringo kama sahani. Kanisani wakasema Mungu ni mwema. Nilifurahi, na hiyo furaha ndiyo inaniuma mpaka leo.

Siku ya ishirini na tano sista Gekara, muuguzi wa pale kwa miale, alimshika kidevu. "Uso umenona, mikono imekonda. Mama, unampa nini?"

Chepkosgei akanigeukia. "Mama?"

Nikatoa karatasi kwa mkoba.

Sista hakupiga kelele. Aliniuliza, "Ukikata mti wa bulugamu, kisiki kinafanya nini?"

"Kinachipuka."

"Nani anamaliza machipukizi?"

"Mbuzi."

"Basi miale ndiyo shoka. Askari wa damu yake ndio mbuzi. Miale ikipasua uvimbe, wao wanauona, wanakula mabaki. Hizi tembe zinaleta njaa na kuvimbisha uso, lakini hao mbuzi zinawafunga kamba. Sisi pia tunazitumia wakati mwingine, lakini kwa kipimo na kwa sababu."

Daktari hakuzikata siku hiyo. Alizipunguza polepole, maana kuacha ghafla pia ni hatari.

Jumamosi nilisimama mbele ya kibanda cha Janefer, wateja wamejaa.

"Hizi tembe zinaitwaje?"

"Ai! Si ni za kunona tu."

"Jina lake, Janefer!"

Akacheka. "Atakonda tena, watu waseme unamnyima chakula."

"Waseme! Heri akonde, mbuzi wake wakiwa wamefunguliwa."

Watu walicheka, hawakuelewa maneno ya mbuzi. Lakini mama mmoja alirudisha karatasi yake juu ya meza, akaondoka.

Chepkosgei alimaliza siku zote thelathini na tatu. Picha ya kuangalia uvimbe itapigwa baada ya miezi mitatu, na sijui itasema nini. Asije mtu kunidanganya kwamba anajua.

Jumapili iliyopita alitembea mpaka mbele ya kanisa, shingo nyeusi kwa miale, nguo ikimpwaya. Janefer akainamia kitabu cha nyimbo. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Weh, amekonda."

Nikageuka, nikamjibu kwa sauti kanisa lote lisikie:

"Ndiyo. Amekonda."